Bagi laini au bagi ngumu? Mipangilio miwili ya gari la rimoti kwenye viwanja vya Tanga

Mpwa wangu aliiweka bagi yake juu ya meza ya barazani kwetu Makorora, akaibonyeza mgongoni kwa kidole kimoja. Haikushuka hata kidogo. Akaibonyeza yangu, ikazama mpaka tumbo likagusa mbao, kisha ikapanda polepole na kutulia. "Mjomba, hii yako imelegea kama kitanda cha kamba," akasema. Sikubishana naye. Nilimwambia achukue betri twende uwanjani.

Bagi zetu ni pacha. Zote ni za kipimo cha 1/10, zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, mota isiyo na brashi imekaa nyuma kabisa, na betri ni LiPo ya seli mbili: volti 7.4 kwa maandishi, 8.4 ikijaa. Uzito ni kilo moja na nusu na ushee. Kilichozitenganisha ni mipangilio tu, yangu laini na yake ngumu, kwa hiyo moja ikishinda hakuna wa kusingizia mota wala redio.

Ugumu ule hakuubuni mwenyewe. Aliunakili kutoka kwenye karatasi ya mipangilio ya dereva mmoja wa mashindano huko Ulaya, namba baada ya namba, bila kuacha hata moja. Nikamwomba nami niione. Juu kabisa, mahali pa kutaja aina ya uwanja, tiki ilikuwa kwenye neno kapeti. Wenzetu kule hukimbiza bagi hizi ndani ya ukumbi, juu ya zulia lililotandikwa likanyooka, tairi linanata na hakuna hata punje ya vumbi. Sisi tunakimbizia kwenye udongo wenye makovu ya pikipiki, kwenye kokoto za chokaa na kwenye mchanga wa bahari. Karatasi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa barua ya mtu mwingine.

Basi huu hapa ulinganisho, kwa yeyote aliyeshika bisibisi na hajui aanzie wapi.

Springi ni kitu kimoja, oili ni kitu kingine

Watu wengi huvichanganya, wakasema tu "shokapu ngumu". Springi ndiyo inayoamua gari lizame kiasi gani. Oili iliyo ndani ya shokapu ndiyo inayoamua lizame na lipande kwa haraka gani, kwa sababu pistoni yenye vitundu inapita ndani ya oili hiyo, na oili nzito hupita kwenye kitundu kwa shida. Unaweza kuwa na springi laini na oili nzito, gari likazama sana ila polepole. Unaweza kuwa na springi ngumu na oili nyepesi, likadundadunda kama mpira wa chandimu.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba upande uliolainishwa ndio unaoshika ardhi zaidi. Ukilainisha springi za nyuma, nyuma inashika. Ukizikaza za mbele, mbele inapunguza kushika, na mkia unatulia kwa sababu pua imepunguza ubishi. Kanuni hiyo ina mwisho wake, maana springi ikilegea kupita kiasi gari linalala kwenye kona na kusahau kuinuka, lakini kwa marekebisho ya kawaida inatosha.

Kuna kipimo cha bure kabisa. Chukua bagi na betri yake ndani, ishike sawia juu ya sakafu kwa kimo cha sentimita 30, yaani rula ya mwanafunzi, kisha iachie. Tulifanya hivyo barazani, juu ya sementi. Yangu ilitua, tumbo likagonga sakafu kidogo, *tap*, ikapanda mara moja ikanyamaza. Yake haikuzama. Matairi ndiyo yaliyobonyea, yakairusha, ikadunda mara ya pili na kuangalia upande mwingine kabisa, pua ikielekea jikoni. Hicho kilichotokea barazani ndicho kinachotokea kila inapopita kwenye mfereji wa pikipiki, ila uwanjani inakuwa kwenye mwendo kasi na mbele yake kuna jiwe.

Halafu liko jambo la joto. Oili ya shokapu hizi ni ya silikoni, na ikipata joto inakuwa nyepesi. Haibadiliki kwa kiasi cha oili ya injini, lakini inabadilika. Mtu anayepanga gari lake kwenye ukumbi wenye ubaridi anaandika namba ambayo kwetu, mchana wa Februari kaskazi ikivuma, itafanya kazi kama namba ya chini yake. Kwa sababu hiyo mipangilio laini ya Tanga haina maana ya kutia oili nyepesi kuliko zote dukani. Wakati wa joto natia 400 mbele na 350 nyuma. Ikifika Juni, kusi ikivuma na asubuhi kuna kibaridi, nashuka hadi 350 na 300.

Namba hizo ni za mnato, zile zinazoandikwa cSt kwenye chupa. Chupa nyingine zina namba ndogo, 30 au 35, na hapo ndipo watu wanapotapeliwa na macho yao: 35 ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane na 35 ya mwingine. Ukiweza, nunua kwa kuangalia cSt. 30 kwa kawaida inaangukia karibu na 350.

Na oili ya injini usiijaribu. Mimi niliijaribu, ile ya 40, siku ambayo chupa yangu iliisha na sikuwa na subira ya kungoja mzigo. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri mno, nikajiona mjanja. Siku ya tatu vipete vya mpira vilivyoko chini ya shokapu vilikuwa vimevimba, fito haziteremki, na oili imechuruzika mpaka kwenye beringi za magurudumu, zikagoma kuzunguka kwa uchafu ulionatia humo. Vipete vilinigharimu kuliko chupa ambayo sikutaka kuingoja.

Zilivyopangwa

| | Laini (yangu) | Ngumu (ya mpwa) |
|---|---|---|
| Springi | laini mbele, laini zaidi nyuma | ngumu pande zote |
| Oili mbele / nyuma | 400 / 350 | 550 / 500 |
| Tumbo kutoka ardhini | mm 25 | mm 18 |
| Stabilaiza | hamna | mbele na nyuma |
| Kemba | nyuzi 1 | nyuzi 2 |
| Makengeza ya nyuma | nyuzi 3 kila upande | nyuzi 3 kila upande |
| Matairi ya nyuma | pini ndefu | pini fupi zilizosongamana |

Kemba ni ule ulalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele; hapa juu ya matairi kumeingia ndani kidogo. Makengeza ni jina letu wenyewe. Ukilitazama gari kwa juu, matairi mawili ya nyuma yanaangaliana kwa mbele kama macho ya mtu mwenye makengeza. Nyuzi 3 zinasikika nyingi, lakini kwa bagi inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ndicho kinachouzuia mkia usitangulie mbele. Ukizipunguza gari linapata kasi kidogo kwenye njia iliyonyooka, na wewe unapata mazoezi ya kwenda kuliokota.

Uwanja kwa uwanja

*Udongo mwekundu.* Tulianza na kiwanja kimoja upande wa njia ya Muheza, ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya watoto wa mpira na pikipiki zinazokatisha. Masika hulainika, jua likirudi hukauka na kushika kila alama kama sementi. Juu yake kuna vumbi jembamba. Tulipanga chupa za maji kuwa kona na kuzunguka mizunguko kumi kila mmoja, mwingine akihesabu.

Bagi ngumu ilipinduka mara nne. Kati ya hizo, tatu zilikuwa mahali pamoja, kwenye mfereji wa tairi la pikipiki unaokatisha njia kabla ya kona ya kushoto. Ilifika pale, tairi la ndani likaruka, hakuna springi ya kulishusha, na kwa hiyo wakati wa kukata kona ilikuwa na matairi mawili tu ardhini. Tumbo lenye milimita 18 nalo likawa linakwangua kila kichuguu. Bagi laini ilipita mfereji ule kama haikuuona. Nasema hivyo nikijua inasikika kama kujisifu, lakini ukilala chini ukatazama kwa usawa wa ardhi unaona kabisa: mkono wa gurudumu unashuka ndani ya mfereji na kupanda, na bodi haitingishiki. Ndiyo kazi ya oili nyepesi nyuma.

Hapa uamuzi hauna mjadala, ni laini.

*Sementi.* Jioni tukahamia kwenye uwanja wa netiboli wenye sakafu ya sementi. Mambo yakageuka, na mpwa wangu hakuniachia. Bagi yake ilikata kona kama imefungwa reli. Yangu iliingia kona ya kwanza kwa kasi ile ile, ikalala ubavu, pini ndefu zikang'ang'ania sementi, ikabingirika mara mbili na kusimama matairi yakiwa juu. Ardhi inaposhika sana, gari laini lenye tumbo la juu hupinduka kwa sababu ya kushika kwenyewe. Halitelezi, linajikwaa. Hapo ndipo milimita 18 na stabilaiza mbili zina faida, maana stabilaiza huzuia bodi isilale. Isitoshe sementi ilinilia pini za matairi kama msasa. Baada ya betri mbili zilikuwa zimeshakuwa vidoti.

Ngumu, basi, ikiwa uwanja wako ni sementi, lami au sakafu ya ukumbi. Asikudanganye mtu.

*Mchanga wa bahari.* Raskazone, maji yakiwa yamekupwa. Hapa hatukumaliza hata betri moja. Laini na ngumu zote zilizama, magurudumu ya nyuma yakichimba mashimo yao na ya mbele yakiburuzwa. Mchanga mkavu hauulizi habari za springi, unauliza tairi lenye makasia na, kama upo uwezo, magurudumu manne yanayosukuma. Kwenye mchanga mbichi uliobanwa na maji unaweza kufurahi, ila ukirudi nyumbani toa magurudumu yote, piga brashi, futa, na upake beringi oili siku hiyo hiyo. Chumvi haingoji kesho. Beringi zilizoachwa usiku mmoja asubuhi zinalia kama mlango wa ghala.

*Kokoto za chokaa za Pongwe.* Punje ngumu nyeupe juu ya ardhi ngumu ni sawa na kukimbia juu ya gololi. Zote mbili ziliteleza. Laini iliteleza kwa adabu, unaona inaanza na unawahi kuachia. Ngumu iliteleza ghafla. Vumbi lake linaingia kila mahali.

Kuibadilisha ile ngumu, hatua kwa hatua

Baada ya siku ile mpwa wangu alitaka kubadili kila kitu kwa usiku mmoja. Nilimkatalia. Ukibadili vitu vitano gari likawa zuri, hujui nini kimeliponya. Likiwa baya zaidi, hujui nini kimeliua. Tulikubaliana: kitu kimoja, mizunguko mitano, andika kwenye daftari, ndipo kingine. Tulirudi njia ya Muheza Jumamosi na Jumapili.

Cha kwanza tuliondoa stabilaiza ya nyuma, kwa sababu ni kazi ya skrubu mbili. Stabilaiza inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Moja likipanda linajaribu kulivuta la pili. Kwenye kapeti ni msaada, kwenye mashimo ni mzozo. Mkia ukatulia kwenye kona za polepole. Kwenye mfereji bado uliruka.

Cha pili tulipandisha tumbo hadi milimita 24 kwa kuzungusha zile kola za shokapu. Kukwangua kukaisha. Hapo mpwa akaandika "afadhali" na kupigia mstari.

Cha tatu ilikuwa oili ya nyuma, kutoka 500 hadi 350, na hii ndiyo iliyoleta tofauti ambayo hata mlinzi wa eneo lile, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akitutazama kama wendawazimu, aliiona. "Hiyo sasa inakimbia," alisema. Kazi yenyewe ya kubadili oili inataka utulivu. Unafungua kifuniko cha juu, unamwaga, unafuta, unashusha fito mpaka chini, unajaza hadi karibu na mdomo, kisha unaisukuma pistoni juu na chini polepole sana ukitazama mapovu yanavyopanda kutoka kwenye vitundu. Yanapanda madogo madogo, mfano wa soda iliyokaa. Ukifunga yakiwa bado yamo, shokapu itakuwa na hewa ndani, itabonyea bure mwanzoni kisha ikaze. Isimamishe dakika kumi, ukanywe chai. Mapovu yakiisha, funga huku oili ya ziada ikifurika kidogo pembeni. Shokapu mbili za nyuma zikishafungwa, zibonyeze pamoja mkononi, moja kila kidole gumba. Zikipishana kasi, moja ina hewa, rudia.

Ndipo likazuka tatizo jipya, kama inavyotokea mara zote. Nyuma ilipoanza kushika, pua ikagoma. Anakata usukani, gari linanyooka kuelekea kwenye chupa ya maji kana kwamba lina kiu. Awali hakuwahi kuliona hili kwa sababu mkia ulikuwa unatoka na kuligeuza gari kabla pua haijapata nafasi ya kugoma. Tukaweka springi laini za mbele, na matairi ya mbele tukayafungua nje nyuzi 1 kwa kuzungusha tairodi. Likageuka.

Hii ndiyo picha ya mambo yote kwa ufupi: mkia unatoka au pua inagoma. Mkia ukitoka, kabla ya bisibisi punguza kidole kwenye trigaa, kisha tazama matairi ya nyuma kama yana tope kavu katikati ya pini. Kisha sogeza betri nyuma kama chesisi yako inaruhusu. Uzito juu ya magurudumu yanayosukuma ni dawa isiyonunuliwa. Kisha lainisha springi za nyuma, au hamisha ncha ya juu ya shokapu ndani tundu moja kwenye mnara wake ili ilale zaidi, nayo inalainisha mwanzo wa mbonyeo. Pua ikigoma, fanya hayo hayo kwa upande wa mbele. Na daima jiulize kama shida ni kushika kidogo kwa upande mmoja au kushika kupita kiasi kwa upande wa pili, maana dawa ya kwanza siyo ya pili.

Pesa iende wapi kwanza

Hapa ndipo ulinganisho unapouma, kwa sababu karibu vyote huagizwa na kungojewa.

Matairi yanashinda kila kitu. Seti sahihi ya matairi kwenye gari lililopangwa vibaya italipita gari lililopangwa vizuri lenye matairi yasiyofaa. Kwa udongo wetu wenye vumbi juu, nyuma pini ndefu, mbele yale yenye mistari inayozunguka tairi, maana kwa bagi inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yale ya mbele kazi yake ni kuongoza tu. Kwa sementi, pini fupi. Yagundishe kwenye rimu kwa gundi nyepesi ya haraka, ukingo wote, pande zote mbili, na uhakikishe sponji la ndani halijakunjamana. Tairi lililochomoka ukingo hufanya gari liyumbe kama lina ugonjwa wa springi, na utapoteza wiki nzima ukibadili oili.

Chupa tatu za oili, 300, 350 na 400, ndizo ununuzi wa pili, na seti mbili za springi ni wa tatu. Vipande vya alumini vya rangi ya buluu, vile vinavyong'aa kwenye picha, ni wa mwisho, na wakati mwingine havistahili hata mwisho. Mkono wa plastiki unapogonga jiwe hupinda na kurudi. Alumini hupinda na kubaki hivyo, au hupitisha pigo kwenye kile kilichoko nyuma yake. Mpwa wangu alinunua vishikio vya mbele vya alumini kutoka duka moja la mtandaoni, vikaja vikiwa na matundu yasiyolingana kushoto na kulia. Tulihangaika jioni nzima na kemba isiyopimika mpaka tukavirudisha vya plastiki. Nami nakumbuka kwamba tangu 1984, kampuni ya Team Associated ilipotoa bagi yake ya RC10, bagi ya mashindano imekuwa ikija na shokapu za oili na fito za kurekebisha. Kilichohitajika kupanga gari kimo ndani ya boksi muda mrefu.

Difu, ile inayoyaacha magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona, nayo ina pande mbili. Difu ya gololi unaikaza au kuilegeza kwa skrubu moja bila kuifungua, ni nyepesi na inateleza kwa ulaini, lakini haipendi vumbi na ukiilegeza kupita kiasi inateleza mpaka gololi zinaungua. Difu ya gia unaijaza oili nzito na kuisahau kwa miezi. Ukitaka kubadili tabia yake lazima uifungue yote. Kwa vumbi la hapa mimi nachagua gia. Natumia oili ya 5000. Ikiwa nyepesi zaidi, gurudumu la ndani linazunguka bure kwenye kona.

Mota nyuma au mota katikati? Madereva wa kapeti walihamisha mota mbele ya ekseli ya nyuma kwa sababu kwenye kushika kwingi walitaka pua itii. Sisi kushika ndiko tunakokutafuta. Iache nyuma. Na kama bado hujanunua, na uwanja wako ni kokoto au mchanga mtupu, basi nenda moja kwa moja kwenye magurudumu manne, ukijua utakuwa na difu mbili za kuhudumia badala ya moja na vipuri vya kuvunjika vitaongezeka.

Nani achague nini

Mwenye uwanja mmoja tu, wa sementi, achukue namba za mpwa wangu kama zilivyo, aweke tu matairi ya pini fupi na akubali kwamba nje ya uwanja huo hana gari. Mwenye kuzunguka, leo udongo, kesho njia ya mtaani, aanze na laini na akaze kidogo kidogo kila anapoona gari linalala. Kutoka laini kwenda ngumu unajifunza njiani. Kutoka ngumu kwenda laini unaokota vipande. Anayeanza kabisa naye aanze laini, hata kama uwanja wake ni sementi, ila ashushe tumbo hadi milimita 21 au 22 ili lisibingirike. Gari laini linamwambia kosa lake kabla halijatokea.

Mpwa wangu sasa ana daftari lenye kurasa mbili zilizopigwa gundi ya karatasi zisichanike, moja imeandikwa SEMENTI na nyingine UDONGO. Springi anazitunza kwenye vimfuko viwili vya ubuyu, na stabilaiza ya nyuma inalala kwenye droo ya mashine ya cherehani ya mama yake mpaka siku ya netiboli. Jumapili iliyopita njia ya Muheza tulikimbia mara saba, nikashinda nne. Lile neno la kitanda cha kamba bado hajaliomba radhi.